Diski ya Harusi ya Amran

Hoda, jirani yetu wa Kiwanjani, ndiye hupiga video upande wa akina mama harusini. Huko mitandio huvuliwa, kwa hiyo kamera hushikwa na mwanamke, na kazi ikiisha diski yenye video, ile ya kuchomekwa kwenye kompyuta kwa waya, hukabidhiwa mama wa bibi harusi. Nakala haibaki. Ndiyo maana anaaminiwa mpaka mtaa wa mbali wa Chechelesi.

Alasiri moja alikuwa dukani kwake akinywa chai ya maziwa ya ngamia, diski ya harusi ya mwisho ikiwa bado kwenye kompyuta, Saadia akaingia. Binti yake Amran alikuwa ameolewa juzijuzi, na tangu harusi hakuwa amesema neno. Alilala tu, macho wazi. Hina ya mikononi mwake ilikataa kukauka.

"Maalimu amesema ni jicho," Saadia alisema. "Mwenye husuda ameitazama hiyo video. Nipe diski niivunje, mtoto apone."

"Sijamwonyesha mtu, Mama Amran."

"Na mimi sijakulaumu. Nipe tu."

Hoda akaiamuru kompyuta iiachilie diski. Ikakataa: diski inatumika. Akafunga kila kitu kilichokuwa wazi, akajaribu tena. Inatumika. Akaiambia kompyuta izimike. Ikagoma, ikingoja diski.

"Inatumika na nani?" Saadia aliuliza. "Si tuko wawili tu? Ama kuna jini hapa anaangalia harusi ya bure?"

Akacheka kidogo. Hoda hakucheka. Alikuwa ameona kwamba video ya harusi ilikuwa inacheza. Si yeye aliyeifungua.

Akaileta mbele, ikajaa kioo. Saadia akageuza uso. Maalimu alikuwa amemkataza kuitazama.

Ukumbi ulikuwa mtupu. Hakuna ngoma, hakuna wageni. Amran alikaa peke yake kwenye kiti cha bibi harusi, akitazama kamera. Kifua kilipanda, kikashuka.

Hoda akasogeza kishale mpaka kwenye kitufe cha kutoa diski. Kifua kikasimama. Akakiondoa kishale. Kifua kikapanda.

Amran akainuka, akaja karibu. Akaweka viganja vyake juu ya kioo, kwa ndani. Akatikisa kichwa. Polepole.

"Mama Amran," Hoda alinong'ona. "Tungoje. Nafikiri yuko humu."

"Hilo jicho ndilo linakudanganya."

Tusimhukumu. Mama aliyeambiwa dawa ipo hangoji. Saadia akanyoosha mkono, akashika waya wa diski.

"Bismillahi."

Akachomoa.

Kioo kikawa cheusi. Saadia akaiweka diski sakafuni, akaigonga kwa jiwe la kuzuilia mlango, akaigonga tena, mpaka ikapasuka. Uso wake ulikuwa umetulia. Simu yake ikalia. Ilitoka nyumbani kwake.

Akapokea akitabasamu. "Ameamka?"

Hoda aliyasikia mayowe kutoka kwenye simu. Saadia akabaki ameishika sikioni, tabasamu likiwa bado halijamtoka.

Wanawake waliomwosha Amran kabla ya maziko walisema mikono yake ilikuwa safi, kana kwamba haijawahi kupakwa hina. 

Kompyuta Hoda bado anayo. Lakini lile tundu la diski halitumii tena. Ukichomeka chochote pale, kompyuta inasema kinatumika. Na ukipitisha kidole tunduni, kinatoka na hina.

Mbichi.