Njia Fupi ya Kasuku

Kila Jumamosi asubuhi, baba alipofungua karakana yake ya kuchomelea vyuma, kitu cha kwanza kutolewa nje kilikuwa baiskeli ndefu yenye viti viwili. Aliiunda mwenyewe kwa kuunganisha baiskeli mbili kuukuu, mwaka ule mwanawe mkubwa alipougua macho na kuacha kuona. Kiti cha nyuma kilikuwa cha kaka huyo. Cha mbele kilikuwa cha mdogo wake, msichana wa miaka kumi na miwili. Aliitwa Kasuku, kwa sababu tangu ajifunze kusema hakuwahi kuupa mdomo wake likizo.

Kwenye baiskeli ile, mdomo ulikuwa na kazi. "Wa mbele ndiye macho," baba aliwaambia. "Unachokiona, kiseme kabla hamjakifikia."

Basi Kasuku alisema. "Kona ya kushoto. Jiwe. Mtu na mbwa wake. Acha kukanyaga!" Kaka alitii kila neno bila kuuliza mara mbili. Njia yenyewe ilikuwa rahisi, hata watoto wadogo waliimudu. Ilifuata mto, ikapita katika bustani za jiji, ikavuka daraja la chini na kurudi ng'ambo ya pili hadi kivuko kilicho karibu na ilipoanzia.

Harufu ya mto ilipowafikia, kaka aliuliza swali lake la kila wiki: "Maji yana rangi gani leo?" Kisha, kabla ya daraja la chini, ulikuja mteremko mrefu. Kasuku alipiga kelele, "Njia nyeupe!" Hapo kaka aliinua mikono yote miwili juu, akacheka kama alivyokuwa akicheka kabla ya ugonjwa.

"Hapa ndipo ninaposahau," alimwambia siku moja.

Mambo yaliharibika wasichana wa shule walipoanza kucheza mpira wa wavu katika bustani ya kwanza siku za Jumamosi. Aliyechelewa alikaa benchi. Kasuku hakupenda benchi. Na palikuwa na daraja jingine la mto, la juu, karibu zaidi na nyumbani, lililoikata safari nusu. Jumamosi moja akapindia hapo.

"Mbona tumevuka mapema?" kaka akauliza.

"Wamefunga mteremko, kaka. Wanachimba mabomba."

"Ala! Mpaka lini?"

"Hawajasema."

Kaka alishusha pumzi. "Haya, mdogo wangu. Wewe ndiye unayeona."

Maneno hayo yangemchoma mtu mwenye haya. Kasuku aliyasikia, akakanyaga kwa kasi zaidi ili awahi mpira.

Jumamosi zilizofuata aliupamba uongo wake. Akaongeza mashine ya manjano, lundo la udongo, na mlinzi mkali asiyetaka hata salamu. Nyumbani kaka aliwahurumia wachimbaji. "Maskini, hata Jumamosi hawapumziki," alisema mezani, na Kasuku akainamia sahani yake.

Siku ya kuumbuka ilifika bila hodi. Walikuwa wakivuka daraja la juu walipokutana na mama anayemwagilia maua kule mteremkoni, mpira wa maji begani.

"Wanangu, mmetutupa!" akasema. "Siku hizi hampiti kwetu."

"Shikamoo, mama," kaka alisema. "Si wamefunga? Wanachimba mabomba."

"Marahaba. Nani amefunga? Nimetoka huko sasa hivi, kweupe kabisa." Akamtazama Kasuku usoni, akaelewa. "Njia ya mwongo ni fupi, binti," akasema taratibu, akaenda zake.

Kaka hakugomba. Aliuliza jambo moja tu. "Na yule mlinzi mkali?"

Kasuku, msemaji wa nyumba nzima, akaanza tu kukanyaga tena.

Walipokaribia mwisho wa daraja, aliona ubao ulionyanyuka. "Ubao! Acha kukanyaga!" Kaka alisikia vizuri, lakini miguu yake iliendelea. Angejuaje kwamba safari hii ni ubao kweli? Gurudumu likajigonga, wote wawili wakaanguka. Kasuku alichubuka magoti. Kaka aliuangukia mkono wa kulia, kifundo kikavunjika.

Mkono ule ndio uliokuwa ukisoma. Vidole vyake vilipapasa nukta za vitabu vya wasioona, na mtihani ulikuwa karibu. Daktari aliufunga kwa plasta ngumu hadi kwenye vidole.

Jioni hiyo Kasuku alimwambia baba yote, akamwomba kaka msamaha huku akilia. Kaka alisema, "Nimekusamehe." Kuanzia hapo Kasuku akawa anamsomea masomo yake kila jioni. Lakini kila ukurasa kaka alisema, "Rudia." Kisha akaita, "Baba, hebu tazama hapo. Ndivyo ilivyoandikwa?"

"Ndivyo," baba alijibu. Kasuku angeona afadhali kofi.

Mtihani ulipita, plasta ikatolewa, na kaka akakubali kupanda tena. Njiani hakuuliza rangi ya maji. Walipofika mteremkoni Kasuku alipiga kelele, "Njia nyeupe!" Kaka hakuinua hata kidole. Alishika chuma kwa nguvu mpaka chini, na Kasuku alilia njia nzima, tena kimya kimya.

Waliporudi alimfuata baba karakanani. "Baba, si amenisamehe? Mbona hainui mikono?"

Baba alimshika mkono, akaupitisha chini ya usukani wa baiskeli. "Unagusa nini?"

"Kama kovu."

"Chuma hiki kilikatika siku mlipoanguka. Nimekiunga, na kinabeba. Lakini kovu halitoki, hata nikilipaka rangi. Kusamehewa umesamehewa, mwanangu. Kuaminiwa ni kitu kingine. Uongo ulikichukua kwa siku moja, na kukirudisha itabidi useme kweli kila siku, hata kweli ndogo, hata usipoulizwa. Huko hakuna daraja la juu."

Jumamosi iliyofuata Kasuku alitaja kila kona na kila kokoto. Walipofika kando ya mto, sauti ya nyuma ikauliza polepole, "Maji yana rangi gani leo?"

Kasuku alitazama. Angeweza kusema kijani, na kaka angefurahi.

"Ya matope, kaka. Chupa za plastiki zinaelea. Na kandambili moja."

Kaka akauliza, "Ya mguu gani?"

Kasuku alipunguza mwendo, akaikazia macho kandambili ile mpaka akahakikisha. "Wa kushoto."

"Haya," kaka alisema. "Twende."

Walipofika mteremkoni, mikono yake ilibaki kwenye chuma.