Dawa ya Ndengu

Siku ya soko mjini Wote, agroveti ya Musyimi, duka la dawa za kilimo, ilifurika wakulima waliotaka dawa ya wadudu wa ndengu. Kavindu alijipenyeza hadi kaunta, gauni lake la kitenge cha bluu likimkaa vizuri kiunoni, jasho likimeremeta juu ya mdomo. Akaomba chupa moja ya kila dawa.

“Kila dawa?” Musyimi akacheka. “Kwani wadudu wenu wanachagua chakula?”

“Ni za shamba la mamangu, Ikutha. We niuzie tu.”

“Nitakuuzia. Lakini niachie namba, nijue kama walikufa.”

Aliiacha. Hakumwambia kwamba alikuwa mtafiti katika maabara ya chuo huko Kitui, akichunguza dawa zinazodhuru watu. Wenye maduka wakijua, huficha chupa.

Jioni Musyimi akapiga. Wiki zilizofuata hakuacha kupiga.

“Mwendwa,” alimwita, yaani mpenzi kwa Kikamba, “wadudu wamekufa?”

“Amebaki mmoja. Ananipigia simu kila jioni.”

Kila alipopata nafasi, Kavindu alienda Wote, wakala nyama choma wakicheka mpaka watu wakageuka kuwatazama. Ukweli aliendelea kuuahirisha.

Maabarani alitumia kimeng’enya cha binadamu, kile kinachoiwezesha misuli kupumzika baada ya neva kuiamuru. Hakikutolewa kwa mtu. Kilitengenezwa na chembe zilizopandikizwa jeni ya binadamu, kikaletwa kimegandishwa. Kikifanya kazi, maji ya kipimo hugeuka manjano. Alipotia dawa moja kutoka kwa Musyimi, isiyo na jina la mtengenezaji, maji yalibaki meupe: dawa ilikuwa imekizima kimeng’enya. Akarudia. Meupe. Mkulima akiivuta kwa wingi, kifua chake kitashindwa kupumua.

Alienda moja kwa moja dukani.

“Hii uliitoa wapi?”

“Kuna jamaa huileta na gari. Watu wanaipenda, inaua haraka.”

“Inaua na watu, Musyimi. Nimeipima.”

“Umeipima wapi?”

Akamweleza yote. Uso wa Musyimi ukabadilika.

“Kwa hivyo ulikuja kunichunguza. Na zile simu? Nazo zilikuwa utafiti?”

“Siku ya kwanza nilikudanganya. Siku zingine zote nilikuja kwa sababu yako.”

“Toka dukani kwangu.”

“Lazima nipeleke ripoti kaunti. Lakini toa hizo chupa leo, tafadhali.”

Hakuzitoa. Simu za Kavindu pia akaacha kuzishika.

Siku chache baadaye, Musyimi ndiye aliyepiga, akihema.

“Kavindu, niko nyumbani Kalamba. Ni baba! Alikuwa anapiga dawa shambani. Anatokwa na mate, anatetemeka, hanijibu.”

“Dawa gani?”

Akashusha sauti.

“Ile uliyoipima.”

“Mvue nguo zote, umwoshe na sabuni na maji mengi. Lakini kwanza funga mikono yako na karatasi za nailoni, sumu isikuguse. Kisha mkimbize hospitali, ubebe chupa waione. Nakuja.”

Alimkuta Musyimi kwenye benchi la hospitali ya Wote, shati limelowa matope. Madaktari walikuwa wamemwekea baba yake, Mzee Kilonzo, mashine ya kupumua.

“Nilimpa baada ya wewe kuniambia,” Musyimi alisema bila kuinua kichwa. “Nilitaka kuonyesha kwamba umekosea.”

Kavindu aliketi karibu naye mpaka bega lake likamgusa.

Kesho yake Musyimi alipeleka chupa zilizobaki kwa ofisi ya kilimo, akafunga duka kwa mkono wake. Kisha akaanza kuzunguka Kalamba, boma kwa boma, kukusanya alizouza. Kavindu alimfuata.

Mama mmoja, Mbithe, aliiweka chupa chini mchangani, asiguse mkono wa Musyimi.

“Mume wangu amekuwa akitapika wiki nzima,” alisema. “Sisi tulidhani ni jua.”

“Apelekwe hospitali leo, mama,” Kavindu akamsihi. “Tutawasaidia kumpeleka.”

Walipomrudisha mume huyo ametibiwa, Musyimi alisimama njiani.

“Nilipanga kukuomba tuoane. Sasa hata kuuliza naona haya.”

Kavindu alimshika mkono. Alitazama upande wa Wote, ambako mzee alikuwa bado akisaidiwa kupumua na mashine.

“Uniulize baba akirudi nyumbani,” alisema. “Nataka anisikie nikikubali.”

Musyimi akafuta macho kwa mkono wa shati. Wakafika boma lililofuata, wakabisha hodi.