Drili Iliyotoboa Mvule

Ndalahwa alikuwa fundi wa boti pale Igogo, ufukweni mwa ziwa. Alianza kazi hiyo akiwa kijana, na sasa alikuwa na miaka hamsini na miwili. Kila asubuhi alishuka ufukweni pamoja na mkewe, Wilhelmina. Ndalahwa alikata mbao, akaziranda, akazitoboa na kuzifunga kwa bolti. Wilhelmina aliziba nafasi kati ya mbao kwa pamba iliyolowekwa mafuta. Boti zao zilijulikana hadi visiwani. Watu walisema, "Boti ya Ndalahwa hainywi maji."

Matundu yote Ndalahwa aliyatoboa kwa keke, ile ya kuzungusha kwa mkono. Mbao ya mvule ni ngumu. Tundu moja lilimchukua karibu robo saa. Mwaka ule wa 1998 bega lake la kulia likaanza kuuma. Siku nyingine alishindwa hata kuinua kikombe cha uji.

"Baba Modesta, hilo bega litakulaza," Wilhelmina alimwambia.

"Nikilala, nani atatengeneza boti ya wagonjwa?" alijibu.

Boti hiyo ilikuwa imeagizwa na zahanati ya kisiwa kimoja cha mbali. Muuguzi wa huko, Renatha, alikuja mwenyewe kuiagiza. Maneno yake yalikuwa machache. "Mzee wangu, tunavusha wagonjwa kwa mtumbwi wa makasia. Wengine hawafiki. Nitengenezee boti pana, ya kufungwa injini. Mvua kubwa zisitukute bado tunapiga makasia."

Boti hiyo ilihitaji matundu mia moja na themanini.

Ndalahwa akaenda mjini. Alikumbuka miaka ya shida, watu walipopanga foleni kutwa nzima kutafuta misumari. Sasa maduka yalikuwa yamejaa. Rafu zilifika darini. Kulikuwa na pasi, redio, misumeno na taa za kila aina. Ndalahwa alisimama mlangoni kama mtu aliyeingia kanisani.

Muuzaji mmoja akamwonyesha drili ya betri. Ilikuwa ya rangi ya manjano, inang'aa. Haikuwa na waya. Muuzaji akabonyeza kitufe. Drili ikalia, ikatoboa kipande cha mbao laini kama mtu anayechoma kidole kwenye ugali.

"Haina waya!" Ndalahwa alisema. "Nguvu inatoka wapi?"

"Kwenye betri, mzee. Hata porini inafanya kazi."

Ufukweni hakukuwa na umeme. Ndalahwa hakuuliza zaidi. Kwa fedha za mtamba wa ng'ombe aliyekuwa amemuuza, akainunua.

Kesho yake ufukweni, drili ilitoboa matundu manne. Kwenye tundu la tano ikaanza kupunguza mwendo. Ndalahwa akaikandamiza kwa nguvu. Ikatoa harufu ya plastiki inayoungua, kisha moshi. Halafu mota ikawa inalia tu, lakini biti, ile ncha ya kutobolea, haizunguki.

Wilhelmina akachukua bolti na kuitia kwenye tundu la nne. Bolti ikacheza huku na huku. Tundu lilikuwa pana na limepinda.

"Hapa maji yataingia," alisema polepole.

Ndalahwa akakaa juu ya mchanga. "Nimemtupa mtamba wangu ziwani," alisema.

Jirani yao aliitwa Paskazia. Alikuwa mwenyeji wa Bukoba, fundi wa mitambo katika kiwanda cha samaki. Jioni, aliporudi kutoka kazini, Wilhelmina akamwita.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu utazame huu msiba," alisema Wilhelmina.

Paskazia alitandika gazeti mezani. Akafungua skrubu saba na kutenganisha drili katikati kama mtu anayepasua papai. Ndalahwa na Wilhelmina wakainama. Hawakuwa wamewahi kuona ndani ya kitu kama hicho. Kulikuwa na mota ndogo iliyoviringishwa nyaya nyembamba kuliko nywele. Mbele yake kulikuwa na magurudumu madogo yenye meno, yamepangwa yakishikana.

"Mungu wangu," Wilhelmina alinong'ona. "Yote haya yamo humu?"

"Ndiyo, mama. Mota inazunguka kasi sana, lakini haina nguvu ya kutosha kutoboa. Hizi gia zinapunguza kasi na kuongeza nguvu. Sasa gusa hii."

Wilhelmina akagusa. Gia ilikuwa laini. Meno yake yalikuwa yamelika na kuyeyuka.

"Ni plastiki!" alisema.

"Ni plastiki. Mashine hii si mbovu, baba. Ilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayetundika picha ukutani mara mbili kwa mwaka. Wewe umeipa mvule, tundu baada ya tundu. Ni kama kumfunga mbuzi jembe la ng'ombe."

Ndalahwa alicheka bila furaha. "Basi drili za betri si za watu wa kazi. Nitarudi kwenye keke."

"Zipo za kazi. Ila hazichaguliwi kwa rangi."

Usiku huo Wilhelmina alifikiri sana. Asubuhi akasema, "Nitauza cherehani yangu. Lakini safari hii Paskazia aende nasi."

Jumamosi wakaenda wote watatu. Ndalahwa alibeba kipande kinene cha mvule ndani ya gunia. Paskazia ndiye aliyemwagiza.

Katika duka la kwanza muuzaji aliona gunia akakataa. "Hapa si karakana. Nunua kwanza, ujaribu nyumbani."

"Asante," alisema Paskazia, wakatoka.

Duka la pili lilikuwa dogo. Mwenye duka, Mhoja, alikuwa amevaa koti lenye madoa ya grisi. Paskazia alimweleza kazi yenyewe.

"Matundu ya bolti, ndani ya mvule, kila siku," Mhoja alirudia. Akaacha drili zote zinazong'aa. Akashusha moja ya kijani iliyokolea, nzito, isiyo na pambo.

Paskazia akaipokea. "Volti ngapi?"

"Kumi na nne nukta nne. Ile ndogo pale ni saba."

"Volti zikiwa nyingi, baba, nguvu inakuwa kubwa. Lakini hilo peke yake halitoshi. Gia ni za chuma au za plastiki?"

"Chuma tupu," alisema Mhoja. Akatoa gia moja ya akiba kutoka kwenye droo na kumpa Ndalahwa. Ilikuwa ndogo kama punje ya hindi, lakini nzito na baridi. Meno yake yalimchoma kidoleni.

Kisha Paskazia akashika mdomo wa drili, pale biti inapofungwa, akautikisa. Haukucheza hata kidogo. "Ule wa kwanza ulicheza. Ndiyo maana tundu lilipinda," alisema. Akamwonyesha Ndalahwa swichi ya juu. "Mwendo wa kwanza ni wa taratibu na una nguvu. Huo ndio wa mvule. Wa pili ni wa haraka, wa mbao laini."

"Na mwakani ikiharibika?" Wilhelmina aliuliza.

Paskazia akatabasamu. "Hilo ndilo swali kubwa kuliko yote, mama."

Mhoja akafungua droo nzima. Ndani mlikuwa na gia, swichi na vipande vidogo vya makaa vinavyopeleka umeme kwenye mota. "Vipuri vyake vyote ninavyo. Betri zake zinauzwa pia peke yake. Nitakuandikia karatasi ya dhamana ya mwaka mmoja, yenye muhuri. Sasa toeni hiyo mbao."

Ndalahwa akaweka ile mbao sakafuni juu ya vigogo viwili, akaikanyaga. Akabonyeza kitufe. Drili haikupiga kelele. Ilinguruma chini chini kama ng'ombe anayevuta jembe. Nyuzi nene za mbao zikaanza kutoka zikijisokota. Ndalahwa hakukandamiza. Biti ilizama yenyewe, ikazama, ikatokea upande wa pili.

Ndalahwa alivua kofia. Aliinua mbao ile akaiweka usoni, akachungulia kupitia tundu. Aliona barabara, watu, na mwanga wa jua. Tundu lilikuwa limenyooka kama mwanzi.

"Sijahesabu hata pumzi ishirini," alisema.

Bei yake ilikuwa karibu mara tatu ya ile ya manjano. Wilhelmina alilipa bila kusita. Wakapewa betri mbili na chaja inayojizima yenyewe betri ikijaa.

Kabla ya kazi, Paskazia alimfundisha Ndalahwa kuitunza. "Biti iwe kali siku zote. Biti butu inaua mota. Usikandamize. Ukifika katikati, itoe nje ili vumbi la mbao litoke. Betri ikichoka, simama, usiilazimishe. Iache ipoe kwanza, ndipo uichaji. Na usiilaze drili kwenye mchanga."

Ndalahwa alishona mfuko wa turubai, akaining'iniza drili juu ya mchanga. Betri moja ilikaa kwenye chaja nyumbani, nyingine ilikuwa kazini. Wilhelmina alisimama pembeni akitazama kama drili imenyooka. "Kushoto kidogo. Hapo hapo," alisema. Mafundi wengine waliacha randa zao wakaja kutazama. Mwanzoni waliongea wote kwa pamoja, kisha wakasogea karibu zaidi.

Yale matundu manne ya zamani Ndalahwa aliyaziba kwa vigingi vya mvule na gundi, akatoboa mapya kando yake. Lile la tano, ambalo halikufika mwisho, alilimalizia taratibu. Siku ya sita tundu la mia moja na themanini lilikuwa tayari. Kwa keke, bega likimruhusu matundu matano tu kwa siku, angetumia zaidi ya mwezi.

Mawingu ya mvua yalikuwa yameanza kusimama upande wa Ukerewe siku ile boti iliposukumwa majini. Renatha alikuja na injini na dereva. Watu ishirini walisukuma. Boti ikateleza, ikaelea, ikatulia.

Wilhelmina aliingia ndani, akapiga magoti. Alipitisha kiganja chake juu ya kila bolti, moja baada ya nyingine, kutoka mbele mpaka nyuma. Kazi hiyo ilimchukua muda mrefu. Renatha alisimama ndani ya maji hadi magotini, akimtazama.

Mwishowe Wilhelmina aliinuka. Akainua kiganja chake juu ili watu wote wakione.

"Kikavu," alisema.