Vifaranga wa Siku ya Tuzo

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya mstarini, wasichana wawili wa kidato cha pili walipitia kwanza kwenye stoo ya Klabu ya Kilimo. Mmoja aliitwa Kasuku, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Mwenzake aliitwa Shangazi. Walikuwa rika moja, ila huyu alikuwa na tabia ya kukemea watu utadhani ndiye aliyewalea: "Funga kifungo! Nawa mikono! Acha kuburuza viatu!" Pamoja na kelele hizo, walikuwa chanda na pete.

Ndani ya stoo kulikuwa na mashine ya kutotolesha vifaranga. Wanaklabu waliiunda wenyewe kwa sanduku la mbao, balbu, trei ya maji na kipande cha kioo cha kuchungulia. Kila yai lilikuwa na alama ya penseli upande mmoja, na wasichana hao waliyageuza asubuhi na jioni bila kukosa. Mashine hiyo iliwashinda washindani wote katika maonyesho ya sayansi ya shule za sekondari. Sasa Jumamosi, Siku ya Tuzo, klabu ingepanda jukwaani pamoja na kwaya na timu ya mpira wa pete, na vifaranga wangeanguliwa siku hiyohiyo, wazazi wakiona.

Kwa Shangazi hayakuwa mambo ya makofi tu. Baba yake, fundi wa kuchomelea vyuma, hakupenda klabu hata kidogo. "Shule ni darasani," alizoea kusema. "Kuku hata nyumbani utafuga." Baada ya kubembelezwa sana, alikubali kufunga karakana yake aje kujionea. Asiporidhika, binti yake angeacha klabu.

Siku zile za mwisho mwalimu wa kilimo aliwaonya wote. "Kuanzia sasa mayai hayageuzwi na mashine haifunguliwi. Hata mkisikia vifaranga wanalia! Unyevu ukitoka, ule utando wa ndani ya yai hukauka na kumbana kifaranga. Mnanisikia?"

"Tunakusikia, mwalimu!" Kasuku aliitikia kwa sauti kuliko wote.

Ijumaa ilikuwa zamu ya Shangazi kutunza ufunguo. Lakini pia alikuwa mwanakwaya, na kwaya iliitwa mazoezini. Akampa rafiki yake ufunguo. "Chungulia kwenye kioo tu, mwaya. Usiguse kitu."

"Kwani mimi mtoto?" Kasuku akacheka.

Hakuwa mtoto, ila alipenda sifa. Aliwaita wasichana wa mpira wa pete waje waone. Mayai kadhaa yalikuwa yameanza kupasuka, na sauti nyembamba zikisikika ndani. Kioo kilikuwa na ukungu, wageni wake hawakuona vizuri, basi akafungua. Walishika mayai, wakayasikiliza, wakamsifu mtaalamu wao. Alipofunga, likaja kundi jingine. Akafungua tena.

Jumamosi asubuhi mwalimu alikuta kimya ndani ya mashine. Mayai yalikuwa na nyufa, lakini hakuna kifaranga aliyetoka. Uso ukamshuka.

"Nani alikuwa na ufunguo jana?"

Shangazi alimtazama Kasuku, akasubiri. Kasuku alikuwa akivikodolea macho viatu vyake.

"Zamu ilikuwa yangu, mwalimu," Shangazi akasema mwishowe.

"Wewe! Niliyekuamini kuliko wote! Leo hupandi jukwaani."

Kasuku, mtu anayeongea tangu kuamka hadi kulala, siku hiyo alipata wapi kufuli la mdomo?

Ukumbi ulijaa. Kwaya iliimba bila Shangazi, aliyesimama pembeni kando ya mlango, timu ya mpira wa pete ikabeba kombe juu, watu wakashangilia. Fundi alikaa mstari wa mbele amevaa suti yake, shingo ameinyoosha kumtafuta mwanawe. Klabu ya Kilimo ilipoitwa, alitoka Kasuku peke yake. Mwalimu akaeleza kwa masikitiko kwamba kifaranga hata mmoja hakupatikana, kwa uzembe wa mwanafunzi wa zamu. Fundi akaelewa. Aliinamisha kichwa, akakaa hivyo mpaka mwisho. Kasuku alipokea tuzo na makofi, na kila kofi lilimchoma.

Sherehe ilipokwisha, mwalimu alimwita amsaidie kuyatupa mayai. Alivunja moja. Kifaranga aliyefia ndani alikuwa ameshakamilika maumbile, manyoya tele, mdomo umeshatoboa ganda, lakini utando ulikuwa umemkaukia mwilini.

"Huyu alishamaliza kazi yote," mwalimu alisema. "Alibakiza kutoka tu."

Kasuku akaanza kulia, akasema yote.

Mwalimu hakumpiga wala hakumfokea. Alikaa chini kwanza, kwa sababu na yeye alikuwa amemhukumu mtoto bila kumuuliza vizuri. Kisha akanyanyuka. "Chukua hiyo tuzo. Twende karakanani."

Walimkuta fundi ameshavua suti, anachomelea geti. Shangazi alikuwa pembeni akifagia vipande vya chuma, macho yamemvimba. Mwalimu alimwomba radhi fundi, akamwomba radhi na mwanafunzi wake. Kasuku akaeleza kosa lake bila kujitetea, akaweka tuzo juu ya meza.

"Jumatatu nitasema mbele ya shule nzima," alimalizia. "Nisamehe, Shangazi."

"Nilikusubiri useme," Shangazi alijibu. "Pale stoo nilikusubiri. Nikamwona baba mstari wa mbele, nikakusubiri tena."

Baba yake alizima mashine, akavua miwani ya kuchomelea. "Klabu utarudi, mwanangu. Leo nimekutukana bure njia nzima. Nisamehe."

"Nitarudi, baba. Lakini zamu zangu nitashika peke yangu."

Jumatatu Kasuku alisimama mstarini, akasema kama alivyoahidi. Shangazi alivishwa beji ya uongozi wa klabu na shule nzima ikampigia makofi, ila karakana siku hiyo ilikuwa wazi na baba yake yuko kazini, hakuyaona.

Lakini fundi alishasema la kwake Jumamosi ileile, mwalimu na Kasuku walipokuwa wakiaga.

"Binti," alimwambia Kasuku, "umefanya vizuri kuja. Ila ukikosa, sema palepale, kabla mwenzako hajaumia. Mimi nikiunga chuma vibaya, nakikata naunga upya. Asubuhi nilikaa mbele ya watu nikamwonea mwanangu aibu, na yeye akaniona. Hiyo nitaikatia wapi?"