Mayai ya Bibi Theresia

Katika kijiji kimoja cha ujamaa karibu na Ikungi, Bibi Theresia aliishi na mwanawe Antipasi, mkwewe Sara na wajukuu wawili. Kila asubuhi alifungulia kuku, akaokota mayai. Mengine aliwaachia kuku waatamie, yaliyobaki akamuuzia mchuuzi. Hakuna mtoto aliyeonja. Theresia aliambiwa na mama yake kwamba mtoto akila mayai huchelewa kusema, naye hakuwahi kuuliza kwa nini.

Mwaka mmoja Sara alijifungua mtoto wa pili. Leonidas, yule mkubwa, alikuwa na miaka miwili, ameshaachishwa ziwa. Alikula ugali wa uwele na mlenda, asubuhi uji mtupu. Baada ya miezi michache aliacha kucheza. Nywele zake zikawa nyekundu, miguu ikavimba. Majirani walisema amenenepa. Lakini Theresia alikuwa ameiona miguu ya namna ile zamani.

Siku moja alifika Esta, bibi maendeleo, aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba kufundisha akina mama afya na malezi. Alimwamkia Theresia, kisha akaubonyeza mguu wa Leonidas kwa kidole. Shimo likabaki. Akawahimiza wampeleke zahanati siku hiyo hiyo. Huko mganga alimpima, akampa dawa ya minyoo, akasema mtoto ana utapiamlo.

Sara hakuelewa, maana mtoto alikuwa akishiba. Kesho yake Esta alirudi, akaeleza kwamba ugali hutia nguvu, lakini mtoto anahitaji pia chakula cha kujenga mwili, kama maziwa, kunde, karanga na mayai.

“Yai ni dogo,” alisema, “lakini mle ndani kifaranga hupata nyama, mifupa na macho, bila kula kitu kingine. Mtoto naye litamfaa.”

“Na kusema je?” Theresia aliuliza.

“Wangu watatu wanakula mayai, Bibi. Kilichonishinda ni kuwanyamazisha.”

Sara alicheka. Theresia hakucheka. Alitazama vifaranga uani.

“Nilikuwa na mtoto, Simeoni,” alisema. “Alivimba hivi hivi, akafa. Na mayai yalikuwamo ndani ya nyumba.”

Esta alisogea karibu naye. “Hukumnyima, Bibi. Hakuna aliyekuwa amekuambia.”

Theresia aliinuka, akaingia ndani, akatoka na yai. Esta alimwonyesha Sara namna ya kulichemsha mpaka kiini kigande, kisha kulipondaponda na kulichanganya na uji. Leonidas alikataa. Theresia akampakata, akamlisha kidogo kidogo mpaka uji ukaisha.

Tangu siku hiyo Leonidas alipata yai karibu kila siku, na kunde au karanga katika mboga. Sara naye alikula, kwa kuwa alikuwa akinyonyesha. Mchuuzi alipokuja aliambiwa asubiri Leonidas na mama yake wapate yao kwanza. Kila wiki mtoto alirudishwa zahanati kupimwa uzito. Uvimbe ulikwisha, nywele zikaanza kuwa nyeusi, na kabla ya mavuno alikuwa akifukuza kuku uani huku akipayuka maneno.

Jumapili moja Theresia alisikia kwamba mtoto wa jirani yake Yohana amevimba miguu. Alifunga mayai manne katika kitambaa, akaenda. Aliwahimiza wazazi wampeleke mtoto zahanati, kisha akaomba sufuria na maji, akakaa pale mpaka mtoto akamaliza kula.