Nilifuta Diski ya Baba, Akafukuzwa Mikdad

"Toka nyumbani kwangu, Mikdad. Na usirudi tena."

Baba yangu hajawahi kumfukuza mtu. Ni mwalimu mstaafu, mtu mpole hadi anakera. Lakini siku hiyo alisimama katikati ya sebule, anaonyesha mlango.

Mikdad alikuwa ameshika begi lake la vifaa.

Akanitazama mimi...

Nikaangalia sakafu.

Wapendwa, mwenye kosa nilikuwa mimi. Mikdad hakufuta chochote. Nilifuta mimi, kwa mikono yangu, mchana kweupe, baba akiwa kanisani. Halafu nikauchuna.

Naitwa Evelyn, tunakaa Bagamoyo mjini. Jina langu sifichi, kwa sababu kujificha ndiko kulikonifikisha hapa.

Ngoja niwaeleze nilifuta nini.

Baba anaitwa Mwalimu Tobia. Kwao ni bara, ila serikali ilimpanga kufundisha Mkange, kule kuelekea Saadani, na akakaa huko miaka ishirini na sita. Ndiko alikojifunza Kikwere. Alipostaafu akagundua kwamba wale watoto aliowafundisha wamekuwa watu wazima na lugha ya bibi zao hawaijui. Akaanza kazi ambayo hakuna aliyemtuma.

Alikuwa anakwenda Mkange na kinasa sauti, anakaa na wazee, wanaongea. Majina ya miti. Majina ya aina za mvua. Namna ya kumpa mtu pole, namna ya kumtania shemeji bila kumuudhi. Akirudi anaziingiza sauti kwenye kompyuta yake ya mezani, kinasa anakifuta kipate nafasi, anasikiliza, anaandika neno moja moja. Alikuwa anatengeneza kamusi.

Miaka saba.

Wazee aliowarekodi ni kumi na mmoja. Wanane wameshazikwa.

Mwaka jana kompyuta ikaanza kugoma. Ilikuwa na diski moja tu, ndogo, imejaa mpaka hakuna pa kuweka hata picha. Mimi nina diploma ya kompyuta, na ni baba huyo huyo aliyenisomesha. Nikamwambia nitaiongezea diski ya pili, hizi za kisasa za SSD, kazi ya nusu saa.

Akacheka kidogo.

"Hapana mama, hapa tusijaribu. Nitampa Mikdad."

Hakuwa na nia mbaya. Lakini iliniuma, siwafichi. Mwaka wa pili niko nyumbani sina kazi, kila mtu mtaani ananiuliza nimefikia wapi, na baba yangu mwenyewe haniamini na bisibisi.

Mikdad alikuwa na kibanda karibu na stendi. Walimu wengi wa hapa mjini walikuwa wanamwamini. Akaichukua kompyuta, akakaa nayo siku mbili, akairudisha. Akafungua ubavu wa boksi mbele ya baba na kumwonyesha: hii diski ya zamani, hii mpya, huu waya wa data unakwenda kwenye ule ubao mkuu, mazabodi, huu wa umeme. Akasema Windows ameiacha kwenye ile ya zamani, na sauti zote, pamoja na kamusi, amezihamishia kwenye mpya, maana ndiyo yenye nafasi.

Baba alifurahi kama mtoto. Mashine sasa ilikuwa na pumzi.

Mimi nikaona kasoro. Windows ilikuwa ya zamani, nzito, inachukua muda kuwaka. Nikajisemea, hii nikiipiga upya, nikaifuta na kuweka mpya, itaruka. Baba atauliza nani kaifanya hivi, nitamwambia ni mimi.

Jumapili akaenda misa. Nikasingizia kichwa kinauma, nikabaki.

Nikachomeka flashi, nikaanza kupiga Windows. Ikafika pale inapokuuliza uiweke kwenye diski ipi. Zikaja mbili, sifuri na moja. Nikachukulia kwamba sifuri lazima ni ile ya zamani, ndiyo iliyotangulia kuwepo. Ukubwa wa kila diski ulikuwa umeandikwa pale pale pembeni.

Sikusoma.

Nikafuta kila kilichokuwamo kwenye sifuri. Ikaniuliza nina uhakika? Nikakubali. Windows ikaingia, tena fasta kweli kweli. Nikaenda jikoni kutia chai, naimba.

Niliporudi nikafungua diski ya pili nione sauti za baba...

Nikakuta Windows ya zamani imelala mle, nzima, haijaguswa.

Nilikaa pale nikiitazama. Chai ikapoa. Mikdad aliichomeka diski mpya, yenye sauti, kwenye tundu la kwanza, basi, ndiyo ikawa sifuri. Hakukosea chochote.

Nikapakua programu ya kurudisha vitu vilivyofutwa. Ikatafuta, haikuleta kitu. Nikasikia geti. Nikazima mashine, nikaenda kujilaza kama mgonjwa.

Baba aliifungua Jumatatu asubuhi. Hakupiga kelele. Nilisikia tu anabofya, anabofya, anabofya. Halafu akamwita Mikdad.

Mikdad akaja, akampa shikamoo, akakaa kwenye mashine. Hata dakika tano hazikufika. Aliinua uso akanitazama, na nikajua ameshajua. Windows iliyowekwa jana yake, fundi anaiona mara moja.

Baba akanigeukia.

"Evelyn, uliigusa hii mashine?"

"Sijaigusa, baba. Labda Mikdad alikosea wakati wa kuhamisha."

Hilo ndilo nililosema. Sentensi mbili tu.

Baba akamuuliza Mikdad ana lipi la kusema. Mikdad akafungua mdomo, akanitazama tena, akaufunga. Kilichofuata mmeshakisoma hapo juu.

Baba aliipeleka ile diski kwa mtaalamu Dar. Jamaa akamweleza kistaarabu kwamba hizi SSD ukishafuta zinajisafisha zenyewe ndani kwa ndani, na juu yake imeshaandikwa kitu kingine. Baba akarudi nayo mfukoni, kwenye bahasha.

Hakuwa mtu wa kusema watu. Lakini alikuwa ameumia, na kila mwalimu mwenzake aliyemuuliza kamusi imefika wapi alijibiwa kwamba fundi ameifuta. Maneno yakatembea. Baada ya miezi mitatu nikapita stendi, nikakuta kibanda cha Mikdad kinauza vocha na maji.

Nikasema moyoni, amehamia sehemu nzuri zaidi. Mtu akitaka kujidanganya hakosi la kujiambia.

Kilichonivunja ni mgeni kutoka Mkange.

Mama wa makamo, mwanawe Mzee Husseni. Mzee Husseni ndiye aliyeongea na baba kuliko wengine wote, na alikuwa amefariki wiki mbili kabla. Yule mama hakutaka kitu kikubwa. Alikuja na simu yake ndogo kuomba awekewe sauti ya baba yake hata kidogo, wajukuu waisikie.

Baba aliishika ile simu, akamrudishia. Mwisho akamwambia hazipo, fundi alizifuta.

Mama wa watu akaiweka simu mkobani taratibu. Akasema, "Huyo fundi, Mungu anamwona."

Mimi nilikuwa nimesimama hapo na sinia la maji.

Kesho yake nikaanza kumtafuta Mikdad. Nikaambiwa yuko Kaole, kwa wakwe zake, anafyatua matofali. Nikachukua bajaji. Nilimkuta na suruali imejaa saruji, mikono imepasuka. Nikamsalimia. Akaitikia vizuri tu, akanipa ndoo iliyopinduliwa nikalie.

Nikamwambia yote. Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha, na nikitoka pale nakwenda kumwambia baba.

"Nilijua ni wewe tangu siku ile," akasema.

"Sasa kwa nini hukusema, kaka Mikdad?"

"Ningekuaibisha vipi mbele ya baba yako? Nikaona nitoke, mzee apoe, nikupigie tuyamalize kimya kimya. Mbona zile sauti nilikuwa nazo."

Sikuelewa. Nikamwomba arudie.

Akarudia. Kazi ya mtu huwa haigusi kabla hajainakili. Siku ile ya kwanza, kabla hajafungua hata skrubu, aliziweka sauti zote na kamusi kwenye diski yake ya kibandani. Zote. Wazee wote kumi na mmoja. Alitaka anipe mimi nizirudishe, baba aone zimepatikana, na jina langu lisitajwe.

"Nilikupigia sana. Kwa mzee nilishakatazwa kukanyaga."

Wapendwa... siku ile ile aliyofukuzwa, alipopiga mara ya kwanza, nilimbloku. Nilidhani anataka kunitishia.

Nikamuuliza iko wapi hiyo diski. Nilikuwa nimeshasimama.

Mikdad akafuta mikono kwenye suruali, hakunitazama.

"Wateja waliisha. Mwanangu alilazwa, nikauza vifaa vyote, na diski ikiwemo. Nikaisafisha kwanza, hakikubaki kitu. Kazi ya mtu siwezi kuiuza."

Nilirudi Bagamoyo kwa miguu. Sikumbuki njia.

Baba nilimkuta kibarazani. Nikapiga magoti, nikamwambia kila kitu, na ile nakala pia, ingawa kuna sauti ndani yangu iliniambia hiyo niiache, inatosha aliyonayo. Alisikiliza hadi mwisho. Hakunipiga, hakufoka. Aliuliza jambo moja.

"Alikupigia mara ngapi?"

Nikamwambia sijui. Nilikuwa nimeshamfungia.

Akaingia ndani.

Asubuhi alikwenda Kaole peke yake kumwomba Mikdad msamaha. Mikdad alimpokea, wakakaa, wakanywa uji. Baba akawazungukia wale walimu mmoja mmoja kusafisha jina la mtu. Wakasikitika. Lakini kibanda kimeshachukuliwa na vifaa havipo. Mikdad bado anafyatua matofali.

Baba haniiti "mama" tena. Ananiita Evelyn.

Siku hizi anajaribu kuandika yale anayoyakumbuka kichwani. Anakaa na daftari, anafumba macho. Juzi aliandika maneno matatu ya Mzee Husseni. Akaanza la nne, akasimamisha kalamu, akanishika mkono na kuniuliza kama nalikumbuka. Mimi Kikwere sikijui.

Kama mnataka la kuondoka nalo, la mashine ni rahisi. Nakili kwanza. Na kama una diski mbili na unapiga Windows, chomoa waya wa ile usiyotaka iguswe.

Hili jingine ndilo lililonifanya niandike. Kosa langu lilikuwa la mchana mmoja, na lilikuwa linarekebishika. Kwa muda wote ule lilikuwa linarekebishika, na mimi sikujua, kwa sababu mtu pekee aliyeweza kuniambia ndiye niliyemkimbia.

Kama kuna mtu amebeba kosa lako, mfungulie simu leo. Mimi nilimfungulia Mikdad usiku ule ule niliotoka Kaole. Hajapiga.