Tangazo la Darubini ya Kona

Mwanamume wa miaka hamsini, suti ya kijivu, kofia ya bei mbaya, alinunua kitabu cha katuni kwa senti kumi.

Hakukipekua. Alikikunja, ukurasa wa matangazo ukawa nje, akakibana kwapani.

"Ndiye," ilisema sauti sikioni mwa Wendell Strake.

Strake hakugeuka. Alikuwa amekaa kwenye benchi la mbao katika stesheni kuu ya Chicago, kifaa cha viziwi sikioni, ingawa masikio yake yangesikia sarafu ikianguka juu ya zulia. Sauti ilikuwa ya Ruth Pellman, mpelelezi mwenzake, aliyekuwa akiuza magazeti hatua arobaini kutoka pale, kipaza sauti kikiwa ndani ya kishikizo cha blauzi.

"Una hakika?"

"Mkuu, leo nimeuza *Mwewe wa Zebaki* kumi na tisa. Huyu peke yake ndiye anayenyoa ndevu."

Juni, 1954. Mtu huyo alijiita Harlan Voss, muuza vinanda vya kanisa. Hakuwahi kuuza hata kimoja.

Mabwana zake, majasusi wa adui, walikuwa na akili, lakini za kukodi. Walifungua kampuni hewa katika chumba kimoja mjini, wakaweka tangazo kila mwezi katika kitabu cha katuni: "DARUBINI YA KONA! Ona bila kuonekana! Inafika kwa siku kumi!" Nani angetafuta siri za vita kwenye takataka kama ile?

Walisahau kwamba Marekani watu huagiza.

Kuponi mia nane zilifika, na pesa ndani. Darubini haikutoka hata moja. Akina mama wa Ohio na Iowa wakaiandikia posta barua ambazo hata baharia angeona haya kuzisoma kwa sauti. Posta ikamkabidhi Strake faili.

Strake alihitaji dakika moja tu. Kila tangazo la namna ile lina namba ya idara kwenye anwani. Idara yenyewe haipo. Namba humwonyesha mwenye tangazo kuponi imekatwa kwenye gazeti gani: gazeti moja, namba moja, mwaka mzima. Wajinga hawa walibadilisha namba kila mwezi, katika kitabu kilekile.

Mwezi huu: Idara 614.

Treni namba 614 huondoka kwenda New York saa kumi na mbili jioni.

Mtu fulani, kiwandani, alikuwa amepiga picha michoro ya kifaa kinachozima kelele za nyambizi. Kwa habari alizopata Strake, nusu saa kabla ya treni angemkabidhi Voss filamu hapo stesheni. Adui akiipata, nyambizi zote za Marekani zingesikika baharini kama ng'ombe waliovishwa kengele. Ndani ya mojawapo alikuwamo Emmett, mdogo wake Strake wa tumbo moja.

Jina la msaliti lilikuwa halijulikani. Wakimkamata Voss mapema, msaliti angeona na kutoweka, na filamu yake. Wakichelewa, filamu ingepanda treni.

Voss aliketi. Akatazama saa yake ya mkononi: kumi na moja na nusu.

Akatazama saa kubwa ya ukutani: kumi na nusu.

Akatabasamu kwa dharau, kama mtu aliyemkuta mwenyeji wake hajui kufunga viatu.

Strake nusura acheke. Kila kiangazi mji husogeza saa zake mbele kwa saa moja. Reli hazisogezi. Watu wa Chicago huulizana "saa ya mji au saa ya reli?" kama wengine wanavyojuliana hali. Huyu bwana mkubwa alidhani saa ya stesheni imeharibika.

"Pellman. Ametangulia saa nzima."

"Tumshukuru?"

"Tuitumie hiyo saa. Msaliti hajafika."

Dakika ishirini zikapita. Voss akachoka kungoja, akaenda chooni. Strake akamfuata, akafunga mlango kwa komeo.

Colt .38 ikagusa shingo ya Voss.

"Mikono ukutani. Ukiigusa hiyo kofia, utaivaa kaburini."

Ndani ya kofia mlikuwa na bastola ndogo ya Walther. Strake akaitia mfukoni, akamfunga Voss pingu kwenye bomba la maji.

"Mtu wako anafananaje?"

"Sijawahi kumwona, wala yeye hajaniona," alisema Voss, akicheka. "Lakini kuna neno. Hulijui, babu. Utakaa pale umeshika kitabu cha watoto, akuone hamnazo, apite zake. Taifa zima mnalisha ubongo wenu uchafu huu!"

Strake alikubaliana naye kabisa. Hilo ndilo lililomuudhi. Akamziba mdomo kwa leso.

Alirudi kwenye benchi na kitabu. Kwa mara ya kwanza maishani, akakisoma chote.

Mwewe wa Zebaki alikuwa karani wa bima aliyevaa chupi juu ya suruali. Aliinua daraja kwa mkono mmoja, akalishusha, akahutubia umati. Adui yake, profesa mwenye kichwa cha chuma, angeweza kumpiga risasi tangu ukurasa wa tatu. Akachagua kumweleza mpango wake wote.

"Mbwa wangu ana akili kuliko huyu," alinong'ona Strake.

"Yupi, mkuu? Mwewe au profesa?"

"Mwandishi."

Matangazo yalikuwa mabaya zaidi. Miwani ya kuona mifupa. Unga wa kuwawasha washkaji ngozi. Askari mia moja wa plastiki ndani ya sanduku la kiatu. Jitu lenye mabega kama kabati likimwuliza msomaji mpaka lini atakubali kurushiwa mchanga usoni. Na katikati yao, darubini ya kona.

Saa ya ukutani ikagonga kumi na moja na nusu.

Mtu akaketi kando yake. Miwani minene, kalamu tatu mfukoni, jasho. Kwenye mkoba wake paliandikwa kwa dhahabu: A. TRIPP.

"Siku hizi hata wazee husoma katuni," alisema.

"Hata mafundi huchungulia za wenzao."

"Humo umewahi kuagiza kitu?"

"Darubini ya kona."

Tripp akalamba midomo. "Ilifika?"

Hapo ndipo palipokuwa na shimo.

Strake alizijua barua za akina mama. Haikufika, wala haitafika. Huo ndio ukweli, nao ulimjia mpaka ncha ya ulimi. Lakini Tripp hakuzisoma barua hizo, wala Voss. Watu wawili wasiojuana walikuwa na karatasi moja tu kati yao.

Mkono wa Tripp ukasogea kwenye mkoba. Akaanza kuinuka.

"Kwa siku kumi," alisema Strake.

Tripp akakaa tena. Akashusha pumzi, akatoa pakiti ya ubani na kuiweka juu ya kitabu.

Strake akaifungua. Kipande kimoja hakikuwa ubani. Kilikuwa filamu ya kamera ya Minox, nyembamba kama utepe wa kiatu. Akakitia mfuko wa ndani.

Kisha akamfunga Tripp pingu, polepole, kama amvalishaye saa mtoto.

"Hapana... ngoja... wewe siye?"

"Mimi siye."

"Lakini ulilijua neno!"

"Limeandikwa hapa, mhandisi. Kwa herufi kubwa. Umekwenda chuo kikuu, ukauza vijana themanini wa kila nyambizi kwa neno lililochapishwa kati ya unga wa kuwasha na miwani ya mifupa."

Pellman akafika na askari wawili. Akamtazama Tripp juu mpaka chini. "Ndiye huyu? Nilitegemea mtu mwenye kidevu."

"Yule mwingine yuko wapi?" aliuliza Tripp kwa sauti iliyokatika.

"Chooni, na bomba lake," alijibu Strake. "Anangoja saa ya reli."

Treni namba 614 iliondoka kwa wakati wake, kiti kimoja kikiwa wazi. Chini ya bahari, mbali, Emmett Strake alikuwa zamu, na hakuna aliyemsikia.

Strake akakitupa *Mwewe wa Zebaki* kwenye pipa la taka.

"Mkuu, nacho ni ushahidi!"

"Basi kiokote wewe," alisema, bila kugeuka. "Mimi nimekwisha kukisoma."

Akavaa kofia, akatoka nje, ambako jua la saa moja, saa ya mji, lilikuwa bado linawaka.